Taa Nyekundu ya Mkunga

"Mkunga, ile taa yako nyekundu imehamia wapi?"

Hilo ndilo swali Mkunga aliloulizwa na jirani yake asubuhi moja, akiwa tayari ameweka mguu mmoja juu ya pikipiki yake. Jirani huyo walimwita Mama Pampu, kwa kuwa ndiye aliyeendesha mashine ya kuvuta maji ya mtaa wote. Kazi yake ilikuwa kuisikiliza injini ile, na alikuwa ameisikiliza kwa miaka kumi na minane.

Mkunga alicheka. Mkoba wa kazi ulikuwa mgongoni: glavu, mkasi, kamba za kufungia kitovu, vitambaa safi. Ng'ambo ya bonde, mama mmoja mwenye mimba ya kwanza alikuwa ameanza uchungu tangu alfajiri.

"Ile iliyokuwa inanikodolea macho? Shemeji yangu fundi ameitibu wiki iliyopita. Saa moja tu, kwisha habari yake."

"Ameitibu vipi?"

"Nitajuaje, mwenzangu? Nilimpelekea inawaka, akanirudishia haiwaki."

Mama Pampu akaweka ndoo chini. "Fungua swichi. Usiwashe injini."

"Nimechelewa, dada."

"Ndiyo maana nakwambia fungua."

Mkunga akazungusha ufunguo. Taa ya kijani ikawaka. Lakini pale palipochorwa kijibirika chenye tone la mafuta, palikuwa giza.

"Unaona?" akauliza Mama Pampu.

"Naona haiwaki. Si ndiyo vizuri?"

"Vizuri wapi! Ukifungua swichi, injini ikiwa bado imelala, taa hii lazima iwake. Ni kama inakwambia, mimi nipo, mzima. Ukiwasha injini, mafuta yanasukumwa, presha inapanda, na taa inazimika baada ya sekunde chache. Isipozimika, au ikiwaka njiani, huenda mafuta hayafiki kwenye vyuma. Unazima injini papo hapo. Sasa hii yako hata kuwaka haiwaki. Imetibiwa au imezibwa mdomo?"

Mkunga akashuka.

Waliisukuma pikipiki hadi kwenye sakafu ya saruji mbele ya nyumba ya pampu, mahali palipo sawa. Wakaisimamisha kwa stendi ya kati, wima kabisa.

"Hapa usipime ikiwa imelala upande, utadanganyika," alisema Mama Pampu. "Na kama injini imetoka kuzimwa, ngoja dakika chache mafuta yashuke. Haya, inama. Unaona kioo kidogo cha duara pale chini? Kina mistari miwili. Mafuta yanatakiwa yawe katikati ya mistari hiyo."

Mkunga akainama. Akafuta kioo kwa kidole. Akakifuta tena kwa ncha ya kanga.

"Sioni kitu."

"Kwa sababu hamna kitu."

"Lakini Shemeji alibadilisha mafuta mwezi uliopita!"

Mama Pampu alipapasa chini ya injini. Vidole vyake vilitoka vyeusi. Akashika spana, akaijaribu nati ya kumwagia mafuta. Spana ikazunguka karibu mzunguko mzima ndipo nati ikakaza.

"Alibadilisha, lakini hakukaza. Yamedondoka tone kwa tone. Taa ikakupigia kelele. Tuone waliinyamazishaje."

Akaufuata waya kwa kidole kutoka kwenye injini. Haukufika mbali. Ulikuwa umekatwa, na ncha zake zimefungwa kwa utepe mweusi, vizuri, kama zawadi ya harusi.

Mkunga akaugusa ule utepe.

"Amekata," alisema polepole. "Amekata kwa koleo. Na mimi wiki nzima namwombea baraka kwa Mungu! Wiki nzima!"

"Maombi hayapotei. Huenda ndiyo yaliyoibeba hiyo injini."

"Usinichekeshe, nina hasira!"

"Kaa na hasira zako, lakini kimbia dukani. Leta mafuta ya injini ya pikipiki, ya namba ile ile iliyo kwenye kitabu chake. Siyo ya kupikia, siyo yaliyotumika."

Mkunga alikwenda karibu anakimbia. Mama Pampu akamimina kidogo kidogo, akiangalia kioo, hadi mafuta yakasimama katikati ya mistari. Kisha akaziunganisha ncha za waya.

"Fungua swichi."

Taa nyekundu ikawaka.

"Washa."

Injini ikanguruma. Moja, mbili, taa ikazimika. Mama Pampu akainamisha kichwa, akasikiliza kama anavyoisikiliza mashine yake.

"Haigongi. Mungu kakuhurumia. Ingekuwa mafuta yametosha na taa bado inawaka, nisingekuruhusu kuondoka. Hapo tungeangalia waya na swichi ya presha, kisha fundi mwenye geji, kile kipimo cha presha, apime. Na hata sasa, ukirudi, pitia kwa fundi wa geji, kwa sababu umeiendesha kavu. Taa ikiwaka njiani, zima, shuka, tembea kwa miguu. Umenisikia?"

"Nimekusikia, dada."

Taa haikuwaka njiani. Mkunga alimkuta yule mama amefika mwisho wa nguvu zake. Mtoto alitoka na kitovu kimemzunguka shingo mara mbili. Mkunga akakizongoa, akamsugua mgongo, akangoja. Yule mtoto wa kike akalia. Mkunga pia akalia kidogo, kwa kushukuru, na kwa kufikiria kwamba angeweza kuwa amekwama bondeni.

Akirudi alipita kwa fundi wa geji. Presha ilikuwa nzuri.

Alasiri alipofika nyumbani, Shemeji alikuwa amekaa barazani na kaka yake, anakunywa chai. Kaka yake alikuwa seremala, mume wa Mkunga. Ndiye aliyezoea kusema, "Twende kwa fundi wa nje kutafuta nini, na mdogo wangu yupo?"

"Shemeji yangu kipenzi!" Shemeji akasimama. "Mbona umenuna kama umelamba shubiri?"

"Waya wa taa yangu ulikatwa na nani?"

Shemeji akacheka. "Aa, ule. Si ulisema taa inakukera? Nikaizima. Ulilalamikia taa, shemeji, hukulalamikia injini."

"Kioo cha mafuta ulikiangalia?"

"Kwani aliyekwambia hayo ni nani? Mama Pampu, yule mchota maji? Siku hizi wenye ndoo nao mafundi?"

"Mwenye ndoo ameona kwa dakika kumi ambacho wewe hukukiona kwa saa nzima!" Sauti ya Mkunga ilifika hadi barabarani. "Mimi nikimkuta mama anatokwa na damu, nikamfunika shuka jeusi ili damu isionekane, utaniita mkunga? Niambie! Utaniita nani?"

"Jamani, yaishe," alisema mume wake. "Huyu ni damu yetu."

"Na mtoto wa leo alikuwa na damu ya nani?"



"Mnakuza mambo," alisema Shemeji. "Nimezima za watu wengi tu. Hakuna aliyerudi kulia."

Seremala akageuza kichwa. "Wangapi?"

"Sita. Saba labda."

"Kina nani?"

"Muuza maziwa. Mwalimu, yule anayewapakia wanawe wawili kwenda shule. Wale wa..."

"Injini ikikwama ghafla akiwa kwenye mteremko," aliuliza Seremala, "wale watoto wataangukia wapi?"

Shemeji akakitazama kikombe chake.

"Nenda. Anza kwa mwalimu. Waunganishie nyaya wote, na kila mmoja umwonyeshe kioo cha mafuta kwa kidole chako."

"Sasa hivi, kaka? Chai bado..."

"Sasa hivi."

Shemeji akamtazama Mkunga, akingoja amwombee msamaha kwa kaka yake, kama alivyozoea. Mkunga alikuwa anauchemsha mkasi wake. Hakuinua macho.

Shemeji akaweka kikombe chini. Akachukua boksi lake la spana, akatoka kuelekea kwa mwalimu.