Mguu wa Mnyama wa Kinamasi

Plasta ile ilikataa kukauka. Ilikaa juu ya meza ya sebuleni tangu Jumapili, jua la dirishani likiipiga, na bado ukiigusa ilikuwa na unyevunyevu na uvuguvugu, kama ngozi ya mtu mwenye homa.

"Labda ulizidisha maji," mke alisema.

Mumewe alimtazama kama mtu aliyetukanwa. Kazi yake ilikuwa kuwafunga plasta waliovunjika mifupa hospitalini, na watu walishasahau jina lake, wakabaki kumwita Fundi Plasta. Kumwambia amezidisha maji ni sawa na kumwambia mwokaji kwamba hajui unga.

Kazi ya ajabu ilikuwa ya mkewe. Alisomea wanyama, kisha akawaacha wanaojulikana na kuwafuata wale ambao watu huapa wamewaona na wataalamu huapa hawapo. Mtaani walimwita Mama Mazimwi, naye akaitikia vizuri tu. Mtaani walimtania. Chuoni walimcheka, na mambo hayo mawili hayafanani hata kidogo. Sasa chuo kilikuwa kimempa nafasi ya mwisho: Ijumaa alete mbele ya jopo ushahidi wa kushikika mkononi, la sivyo utafiti wake ufungwe.

Ushahidi aliupata kwenye kinamasi nyuma ya kiwanda cha matofali, ambako wachimba udongo walisema hupita mnyama ambaye hakuna aliyewahi kumwona mzima. Ulikuwa unyayo mmoja, wenye vidole vitatu na kisigino kirefu. Mbele yake tope lilikuwa laini bila alama yoyote, na nyuma yake vilevile. Mwingine angejiuliza ni mnyama gani anayekanyaga mara moja tu akatoweka. Mama Mazimwi aliona mawingu, akamwambia mumewe achanganye plasta haraka.

Fundi alimimina, akangoja, akaung'oa mguu mweupe kutoka kwenye tope, akauosha. Kisha akafanya kile alichomfanyia kila mgonjwa kabla ya kumruhusu aende nyumbani: akaugonga mara mbili kwa kidole na kusema, "Haya, inuka utembee." Wakacheka wote wawili, wakaufunga kwenye taulo, wakarudi zao.

Jumanne mchana Fundi alikuwa amejilaza, yuko peke yake nyumbani, akasikia kishindo kimoja sebuleni. Tup. Alidhani kitu kimeanguka. Akatega sikio mpaka alipoanza kusinzia, ndipo kikaja kingine, karibu zaidi, na harufu ya tope lililooza ikaingia chini ya mlango. Alipopata moyo wa kutoka, mguu wa plasta ulikuwa sakafuni kwenye korido, vidole vyake vitatu vikielekea chumbani.

"Umeuweka wewe?" alimuuliza mkewe jioni, kwa sauti ya chini.

"Niuweke koridoni ili iweje? Usiniletee mambo ya wachimba udongo, bwana."

Lakini alisema hivyo huku akijikunyata. Na Jumatano asubuhi mguu wa kushoto wa Fundi ulikuwa umekufa ganzi. Wenzake hospitalini waliuchoma sindano, hakuhisi kitu. Ngozi ilikuwa imepauka na kukakamaa kuanzia kwenye vidole, na kila alipogeuka kitandani aliacha unga mweupe kwenye shuka. Mama Mazimwi aliukung'uta ule unga dirishani bila kumwambia. Alimpenda sana mume wake, na aliogopa.

Alhamisi Fundi mwenyewe alimwita mganga. Alikuja mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, akavua viatu mlangoni na kuzunguka nyumba nzima akinusa. Hakuugusa mguu wa plasta. Aliufunika kwa kitambaa, akaketi.

"Kule kinamasini kuna jini ambaye hajawahi kuwa na mwili," alisema polepole. "Alichokuwa nacho ni shimo kwenye tope. Nyinyi mkalijaza, kisha mkamwambia atembee. Sasa ana mguu mmoja, anautaka wa pili."

"Tufanye nini?" Fundi aliuliza.

"Uvunje wewe, kwa mkono wako, kabla jua halijazama. Kesho umechelewa."

Kesho ndiyo Ijumaa. Mama Mazimwi alisema atauleta yeye uani, akaingia sebuleni na kufunga mlango. Watu wa kazi yake hawakai na kitu kimoja bila nakala, na nakala alishaitengeneza Jumatatu, ikakauka siku hiyohiyo. Aliutazama mguu, akaitazama nakala. Akajiambia mume wake ana mishipa iliyobanwa, kwamba wiki ijayo watampata daktari mzuri, kwamba mtu hawezi kutupa maisha yake yote kwa neno la mtu anayenusa kuta. Kisha akaufunga mguu kwenye taulo na kuusukuma chini ya kochi, akatoka na nakala ndani ya kitambaa.

"Ni wenyewe?" mganga aliuliza, akimkazia macho.

"Ni wenyewe."

Fundi alipiga nyundo mara moja, ukasambaratika na kutoa vumbi. "Umekauka," alisema, akamtabasamulia mkewe kwa furaha ya mtu aliyeokoka. "Hatimaye umekauka, mke wangu." Mkewe alimshika mkono, akashindwa kumtazama.

Ijumaa alimwacha amelala, shuka limemfunika mpaka kidevuni, akaingia mbele ya jopo na taulo lake. Alizungumza vizuri kuliko siku zote. Kisha akalifunua taulo, na mwenyekiti akainama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mama," alisema kwa upole uliomuumiza kuliko kicheko, "huu ni mguu wa binadamu."

Ulikuwa na vidole vitano. Kile kidogo kilikuwa kimempanda mwenzake, na juu ya kifundo palikuwa na kovu lililopinda kama mwezi mwandamo ambalo Fundi alilipata kwa pikipiki mwaka waliooana. Mama Mazimwi ndiye aliyeliosha kila siku mpaka likafunga. Aliugusa. Ulikuwa plasta tupu, mkavu na baridi kabisa.

Hakumbuki alivyofika nyumbani, anachokumbuka ni ufunguo uliokataa kuingia kwenye kitasa, na harufu ya tope iliyotanda barazani mchana kweupe, na sauti ya mume wake kutoka ndani, sauti yake hasa, nzima na yenye uchangamfu, ikimuuliza mbona anasimama nje kama mgeni, halafu hatua zake kwenye sakafu ya korido zikija kumfungulia, moja ya mtu anayetembea pekupeku na moja ya kitu kizito chenye kucha kinachokwaruza saruji, ya mtu, ya kitu, ya mtu, ya kitu, na yeye akijua kwamba mguu uliobaki kule mezani chuoni ungekuwa bado ndani ya shuka kama angesema neno moja la kweli uani.

Kitasa kikazunguka.

"Karibu, mke wangu," ile sauti ilisema. "Leo sisikii ganzi kabisa."