Mkono Usibanduke Garini

Acha kunibinulia midomo, mwanangu. Umeingia nyumbani kwangu na begi la kumhamisha mama yako, hujanywa hata maji, na tayari umeshanitangaza kwa majirani kwamba namfungia mdogo wangu ndani kama mbuzi. Haya, kaa. Yuko hapo nyuma ya pazia, anatusikia. Utamwona. Ila kwanza nisikilize, na kama ni kucheka, cheka sasa, maana huko mbele hutapata nafasi.

Ile safari ya mbugani ulitulipia wewe. Ulisema mama yako amezeeka hajawahi kumwona simba. Mimi sikuona utamu wa kuamka alfajiri kwenda kutazama makalio ya punda milia, lakini yeye alifurahi kama mtoto aliyenunuliwa sare za shule. Alivaa viatu vipya vilivyombana, akajifunga mtandio wa njano, akakaa dirishani. Tulikuwa sisi wawili na dereva tu. Alipomwona twiga anatafuna, akaniambia, "Dada, si shemeji yetu huyo, akisikiliza umbea?" Dereva alicheka mpaka gari likayumba. Ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka.

Jua lilipopanda, mama yako akabanwa na mkojo. Choo kilikuwa mbali. Dereva hakupenda. Alizima gari, akayatazama majani pande zote, halafu akamweleza taratibu: ashuke nyuma ya gari, achuchumae hapo hapo, na mkono mmoja usibanduke kwenye bati mpaka atakapopanda tena. Mama yako akauliza kama ni simba anaowaogopa. Dereva akasema simba ni nafuu.

Nilikisikia kiganja chake kikipapasa bati. Kikapapasa. Kikaacha. Nikamwita. Akanijibu kutoka mbali kidogo kuliko nilivyotegemea, kwamba upepo umembebea mtandio, anauokota tu, anakuja. Kisha kimya. Hata ndege hawakusikika.

Mlango ukafunguliwa. Akapanda, akakaa mahali pake. Mtandio alikuwa nao mapajani, umekunjwa kama uliotoka kupigwa pasi. Dereva hakugeuka. Aliwasha gari, tukaondoka.

Tukawafikia simba, wamelala chini ya kichaka. Dume likainua kichwa, likatazama dirisha la mama yako. Likasimama. Likaondoka, na kundi zima nyuma yake, mikia imebanwa kama mbwa waliomwagiwa maji ya moto. Mama yako aliwatazama mpaka wakaisha. Hakupepesa.

Nikampa chupa ya maji. Akaifungua kwa mkono wa kulia. Unakijua kidole chake cha shahada, kile kilichokatwa na mashine ya kusaga kabla hujazaliwa. Ulipokuwa mchanga ulikuwa hulali mpaka ukishike kigutu kile. Sasa kidole kilikuwa kizima. Hata ukucha kinao.

Nikainama mbele, nikamnong'oneza dereva ageuze. Akanijibu bila kuyafungua meno.

"Mama, nilikuja na wawili, narudi na wawili. Usimwonyeshe kwamba umeona."

Getini dereva akashuka kutazama tairi. Nikamfuata. Nyuma ya gari palikuwa na vumbi kama unga, na kwenye vumbi palikuwa na viganja. Kimoja chini, pale alipojishikilia. Vingine juu yake, vingi, mpaka kwenye kioo, vimeburuzwa kwenda chini. Vya mtu anayekimbiza gari linaloondoka. Anapiga. Anateleza. Anapiga tena. Na vyote vilikuwa na kidole kimoja kifupi.

Sisi ndani hatukusikia kitu.

Kesho yake dereva alinirudisha pale. Tulikuta kiatu kimoja njiani, na kingine mbele yake, vile vile vipya. Na huyu aliyebaki nyumbani alikuwa na jozi ile ile miguuni. Baada ya viatu, nyayo za miguu mitupu, zinafuata alama za tairi zetu. Zinafuata. Katikati ya mchanga laini, zikakoma. Niliwaambia askari wa hifadhi. Wakaniuliza, namtafuta nani na mdogo wangu yuko nyumbani? Ungewajibu nini wewe, na elimu yako yote?

Basi nimekaa naye. Hali. Halali. Kuku wangu wamehamia kwa jirani, mmoja mmoja, mpaka na jogoo. Na simfungii. Ni yeye anayeniomba niukaze mlango wa mbele, na hasemi anamzuia nani. Ule mlango naufuta vumbi kila nikiamka. Kila nikiamka nakuta kiganja kwa nje, kimeburuzwa kwenda chini. Nimeuacha wazi mara ngapi, nimeita mpaka sauti imekauka. Haingii mtu. Nafasi yake imekaliwa. Cha leo sijakifuta, nawe umekipita ulipoingia, ukadhani ni michezo ya watoto.

Unasikia anavyokuita huko? Ndiyo, sauti ni ya mama yako. Hata lile jina la utoto analijua. Mimi sikusoma zaidi ya shule ya msingi, lakini vidole naweza kuhesabu.

Haya, umeshanyanyuka. Nilijua. Mtoto akiitwa na mama, shangazi mia na mama wakubwa mia hawamshiki. Vuta pazia, basi. Mshike mkono wa kulia, kama zamani. Ukishaushika usiniite, sina la kukufanyia. Hata yule wa nje nimeshindwa kumfanyia.

Mimi natoka. Mlango nitauvuta kwa kitasa tu, polepole, nisije nikaufuta mkono wa mama yako.