Bariere ya Kurudi Bule

"Mutu mwenye alitengeneza hii game, mama yake hakumupendaka!"

Sauti hiyo ilitoka kwenye kibanda cha Camille, pale watu wa soko kuu la Bunia wanapoacha simu zao zichajiwe, na ilikuwa kali hata mwuza samaki wa jirani akageuka. Ilikuwa alasiri, mvua imekatika sasa hivi. Pikipiki zilipiga honi katika tope jekundu, wanawake walikuwa wakifunua bidhaa zao upya, na jenereta ya Camille ilinguruma na kutoa moshi wake wa kawaida. Clarisse alikuwa amekuja kuchukua simu yake tu. Alivaa kitenge cha manjano chenye ndege weusi na blauzi nyeupe, na viatu vyake vya wazi alivishika mkononi kwa ajili ya tope. Aliposikia maneno yale, miguu ilikataa kuondoka.

Msemaji alikuwa kijana mrefu, shati la buluu lililopigwa pasi vizuri, amekaa juu ya kreti ya soda na kompyuta magotini. Kwenye kioo, mwanamke mdogo mwenye mzigo mkubwa kichwani alikuwa akianguka shimoni.

"Labda mama yake alimupenda sana," alisema Clarisse. "Njo maana hakumufundisha kuachia watu wapite bure."

Kijana aliinua macho. Alikuwa na jibu kali tayari, lakini lilimpotea aliposhuka na macho hadi kwenye wale ndege weusi.

"Weye unajua mambo ya game?"

"Najua tu kama unaanguka."

Camille alicheka mpaka akaegemea meza. "Clarisse, chunga mudomo! Huyu Emery ni juge ya mashindano ya game. Anaogopwa Bunia yote."

"Juge? Na anapigwa na mama moja mudogo hivi?"

"Si mama njo ananipiga," Emery alijitetea. "Ni hii bariere. Haiwezekane kupita! Nipe numero yako, siku nitapita nitakuita uone."

"Basi utaniita nikiwa muzee."

Hata hivyo namba alimpa.

Niwaeleze kidogo, maana watu wa mbali wakisikia jina la Bunia huuliza habari za bunduki tu, kana kwamba sisi hatuna mchezo wala mapenzi. Miaka ile amani ilikuwa imerudi nusu. Barabara ilipitika leo, kesho ikafungwa, na kila safari ilikuwa na bariere zake: mti uliolazwa njiani, na mtu wa kukuuliza unatoka wapi. Lakini vijana wa mji walikataa kukaa wakisubiri ruhusa ya kuishi. Walikuwa wamepata mchezo wa zamani wa kompyuta, wa kuruka mashimo na kuta. Waliufungua, wakaanza kujenga njia zao wenyewe ndani yake, ngumu makusudi, nyingine za kumtoa mtu machozi. Kila mwaka walizileta katika ukumbi wa parokia zichezwe na kuamuliwa.

Sheria zao zilikuwa mbili. Mtengenezaji huipita njia yake kwa mikono yake mwenyewe mbele ya watu, asije akaleta ukuta usio na mlango. Na mwamuzi, anayepewa michezo mapema, hatoi neno juu ya njia ambayo hajaimaliza.

Emery alimsaidia mama yake kuuza vitenge sokoni, lakini jina alilipata kwa vidole vyake. Alimaliza kila njia bila kupoteza hata pointi moja. Clarisse alifanya kazi kwenye duka la kuchapisha kadi za arusi, na kazi ikiisha alibaki na kompyuta ya tajiri wake akijenga njia iliyoitwa Kurudi Bule, kwa jina la kijiji chao cha zamani, ile ile iliyokuwa ikimwangusha Emery. Aliitoa kupitia kwa Camille bila kuandika jina. Watu wote walidhani ni ya mwanamume.

Kwa nini hakumwambia Emery pale pale? Kwa sababu mtu akijua mpishi ni wewe, husifu hata chumvi iliyozidi. Clarisse alitaka kusikia ukweli. Baadaye alipoanza kumpenda, alitaka kuusikia zaidi, na kusema kukawa kugumu.

Maana walipendana, na haraka. Walitembea boulevard jioni kabla ya giza, wakila mahindi ya kuchoma. Emery alimchekesha kwa kumtajia bei ya kitenge cha kila mwanamke aliyepita.

"Na yangu?" Clarisse aliuliza.

"Yako ni ya mwaka jana. Lakini mwenye kuvaa hana bei."

"Muongo ya soko weye!"

Simu zao zilikuwa za kila siku.

"Allô, juge wangu."

"Usiniite juge, chérie. Leo niko mufungwa. Ile bariere imenishinda tena."

"Punguza mizigo."

"Mizigo gani?"

"Ile iko ku kichwa ya ule mama. Godoro, sufuria, kuku, vyote amebeba. Ataruka namna gani?"

Emery alicheka kwa upole wa mwalimu. "Chérie, weye haujue mambo ya game. Kila muzigo ni pointi. Mutu hatupake pointi."

"Pale mwanzo wanaandika kama kitufe ya chini ni ya kuweka chini."

"Ile ni mutego ya wajinga."

"Haya, papa mwenye kujua," alisema Clarisse, akauma mdomo. Alikuwa amempa jibu mkononi naye amelirudisha. Ilimchoma, lakini akajiambia kwamba atafika mwenyewe.

Hakufika. Jumamosi ya mashindano ilikuta ukumbi umejaa hadi madirishani. Xavier, msimamizi, alisoma majina ya michezo. Emery alisimama mbele, kitambaa chekundu cha mwamuzi kimefungwa mkononi, akatoa neno kwa kila mmoja. Ilipofika zamu ya Kurudi Bule, alikivutavuta kile kitambaa. Kusema mbele ya Bunia yote kwamba mchezo umemshinda? Hakuweza.

"Hii tusipoteze wakati," alisema. "Iko na bariere haipitikane. Mwenye kuitengeneza ni mudanganyifu. Itoke."

Watu walipiga makofi. Katikati ya makofi hayo, mwanamke mwenye kitenge cha manjano alisimama.

"Ni yangu."

Ukumbi ulilipuka. "Bibi ya juge!" mmoja alipiga kelele. "Mwanamuke hawezi tengeneza hii!" alisema mwingine. Na Emery, ambaye angeweza kuomba msamaha papo hapo, alisikia aibu tu ikimpanda usoni.

"Ni ya weye? Siku zote zile mi nalia ku simu, weye unanicheka?"

"Ulimaliza, Emery? Nakuuliza mbele ya watu. Ulimaliza njo ukasema haipitikane?"

Emery aliangalia dirishani. Xavier alipiga meza kwa kiganja. "Basi! Jumamosi inakuja, Clarisse acheze mbele yetu, kama sheria inasema. Akishindwa, game inatoka na yeye harudie hapa tena."

Kwa siku kadhaa simu ya Clarisse ililia na hakuipokea. Alilia, ndiyo, tena sana, lakini alilia huku akifanya kazi. Alipoipokea hatimaye, hakusema allô.

"Sema."

"Chérie, unisikilize. Watu wanasema mingi ku soko. Wanasema nilikusaidia, wanasema nilikuuza. Toa hii game. Watasahau, na siye tutaendelea vizuri."

"Nitoke?"

"Ni game tu, Clarisse."

"Mimi na mama tulitoka Bule mara moja, Emery. Ile ilitosha. Sitoke tena fasi yoyote. Na usinipigie tena mupaka umalize kitu ulihukumu."

Akakata. Emery akaishusha simu. Kwa mara ya kwanza aliogopa kweli, na haikuwa kwa ajili ya kitambaa chekundu. Alikuwa karibu kumpoteza mwanamke pekee aliyewahi kumwambia kwamba anaanguka.

Usiku ule hakucheza. Alirudia moyoni kila simu waliyopigiana, na katika kila moja alisikia neno lile lile: punguza mizigo. Alitamani ardhi immeze.

Jumamosi ilipofika, Clarisse aliingia na kitenge kile kile cha manjano, nywele zimesukwa upya, kichwa juu. Alipita mbele ya wavulana waliokuwa wakiguna kama mtu anayepita kwake. Alichukua manette, kile kidude cha kuchezea chenye vitufe, akakaa, akaanza.

Yule mwanamke mdogo alivuka daraja la Nyamukau, akapanda vilima vya Djugu kati ya ng'ombe wenye pembe ndefu, akaruka mashimo na mawe yaliyobingirika, na kila alipopita aliokota kitu na pointi zikapanda. Minong'ono ilipungua. Kisha ikatokea ile bariere, gogo juu ya mawe, na nyuma yake shimo.

Alisimama. Clarisse akabonyeza kitufe cha chini.

Godoro likaanguka. Sufuria ikaanguka. Kuku akakimbia zake. Pointi zote zikashuka hadi sifuri, na ukumbi mzima ukapiga yowe kana kwamba imetupwa mali yao wenyewe. Yule mwanamke, mwepesi sasa, akaruka. Alitua ng'ambo kwa ncha ya mguu, mbele ya nyumba ndogo yenye migomba, mlango umefungwa.

Clarisse akaweka manette mezani.

"Ingia basi," alisema Xavier.

"Bariere nimeipita, munaona wote. Mulango, kila mutu atapiga hodi yeye mwenyewe."

"Lakini uko na zéro!" mvulana mmoja alipinga kutoka nyuma.

Clarisse aligeuka. "Mama yangu alifika Bunia na zéro. Siku tulikimbia, alikuwa na godoro ku kichwa na mimi ku mugongo. Tukafika ku mufereji, na watu wa bunduki wanakuja nyuma. Alitupa godoro, akaruka. Kama angechunga pointi, mimi singekuwa hapa leo kuwasumbua." Wengine walicheka, kisha wakanyamaza, maana wengi pale walikuwa na mfereji wao. "Wanasema njia ya Bule haipitikane. Mimi nitarudi. Mikono mitupu, lakini nitarudi."

Ndipo Emery aliposimama. Alikifungua kile kitambaa chekundu, vidole vikimsumbua kwenye fundo, akakilaza mezani mbele ya Xavier.

"Nilihukumu njia sikumaliza," alisema. "Ilinishinda, na nikaona haya. Njo nikasema haiwezekane. Clarisse hakudanganya mutu. Mudanganyifu ni mimi. Mutafute juge mwingine."

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu wa pembeni alizomea kidogo, na Emery akaacha azomewe. Aligeuka aende mlangoni.

"Umemaliza kusema?" aliuliza Clarisse.

"Nimemaliza."

"Lakini game haujamaliza." Alimnyooshea manette. "Kaa. Mbele ya watu."

Alikaa. Mwanzoni alianguka kama mtoto anayejifunza, na kila alipoanguka ukumbi ulishangilia kwa furaha isiyo na huruma. Hakujitetea. Alianza upya na kuanza upya, akavuka daraja, akapanda vilima, akaokota kila alichokikuta, maana mazoea yana taabu. Alipofika kwenye bariere alikuwa na pointi nyingi kuliko mtu yeyote aliyewahi kufika pale. Kidole chake kilisimama juu ya kile kitufe.

"Ni nyingi, eh?" Clarisse alimnong'oneza, amesimama nyuma ya bega lake.

"Ni nyingi," alikubali, akabonyeza.

Vyote vikaanguka. Emery akaruka, akapita. Safari hii hakuna aliyepiga yowe.

Mbele ya mlango alibonyeza tena, na maneno yakajiandika kwenye kioo, moja baada ya jingine: Hodi. Kisha chini yake: Nani? Baada ya hapo hakikuandikwa kitu. Emery alingoja, akabonyeza huku na huku, mlango ukabaki umefungwa. Aligeuza kichwa kumtazama Clarisse, na kwenye macho yake, yaliyokuwa yamejaa maji lakini hayakuinama, akaelewa kwamba swali lile linamngoja yeye mwenyewe, si vidole vyake.

"Nani?" Clarisse aliuliza kwa sauti, watu wote wakasikia.

"Ni mimi. Emery."

"Uko na nini mu mikono?"

Aliiacha manette mezani, akaifungua mikono yote miwili mbele yake.

"Hakuna kitu. Na siku utarudi Bule, nataka turudi wawili. Nitakuja kukuomba ku nyumba kwenu, kama mama yako atakubali mutu wa zéro."

Clarisse alimwacha ateseke kidogo, maana alistahili. Kisha akainama kando yake, akagusa kitufe kimoja cha kompyuta ambacho hakuna aliyefikiria kukigusa.

"Basi ingia," alisema, na mlango ukafunguka.