Kopo Jeupe la Mama Anitha

Msimu wa kukata miwa ukifika Ruhembe, nguo nyeupe haikauki ikabaki nyeupe. Mashamba huchomwa moto kabla ya kukatwa, masizi hupaa juu, kisha hushuka taratibu kwenye kamba za nguo, kwenye mabati na kwenye ndoo za maji zilizoachwa wazi. Anitha, msichana wa darasa la sita, alikuwa amezoea. Kila alfajiri alifagia uwanja, akachota maji bombani na kufunika ndoo, ndipo akavaa sare za shule.

Wakati huo mama yake alikuwa jikoni akikoroga uji. Uji ukiiva, Mama Anitha aliingia chumbani, akachukua kopo jeupe la plastiki juu ya kabati, akameza kidonge kimoja kwa maji. Baba yake, Mathias, dereva wa trekta la kuvuta miwa, naye alikuwa na kopo lake. Yeye alimeza jioni baada ya chakula, kabla hajaenda zamu ya usiku.

Anitha alijua sababu, kwa kuwa wazazi wake hawakumficha. Mwanzoni mwa mwaka baba aliugua sana, akakohoa mpaka akakonda, akapelekwa Mikumi kutibiwa. Huko alipimwa akakutwa na virusi vya UKIMWI, yaani VVU. Mama alipimwa pia, akakutwa hana.

"Dawa zangu ni za kufubaza virusi," baba alimweleza. "Za mama yako ni za kumkinga asivipate kutoka kwangu. Zinafanana, lakini kazi zake ni mbili tofauti. Na jambo hili libaki humu ndani, mwanangu. Mimi mwenyewe bado sijawa tayari kuwaambia watu."

Anitha aliitikia kwa kichwa. Hata hivyo hakuelewa vizuri kwa nini mtu mzima wa afya kama mama, anayepalilia miwa kutwa nzima, ameze dawa kama mgonjwa.

Shule zilipofungwa kwa likizo ya Juni, jirani yao Mama Magreth alikuwa akimwoza binti yake. Alikuja asubuhi kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Mama Anitha akamwambia, "Ingia tu chumbani, ipo nyuma ya kabati." Mama Magreth akaingia, akachukua mbuzi, na macho yake yakachukua kingine. Kopo lile alilifahamu. Marehemu kaka yake alikuwa na kopo kama hilo, na aliliacha limejaa kwa sababu aliona aibu kumeza dawa. Ungedhani mtu aliyezika ndugu yake kwa sababu ya aibu angejifunza kufunga mdomo. Wapi! Kabla jua halijapanda, habari zilishafika bombani.

Siku ya harusi, Mama Anitha aliamka mapema, akajifunga khanga mbili na kuchukua mwiko wake mrefu. Mtaani kwao hakuna anayekodi wapishi. Wanawake hukusanyika, kila mmoja na mwiko na kisu chake, na kila mmoja ana sufuria lake analojulikana nalo. Sufuria la wali lilikuwa la Mama Anitha tangu alipoolewa. Kumwambia mwanamke aliyekuja na mwiko wake akae pembeni ni kumtukana mbele ya watu.

Na walimtukana. Mama Magreth alikuja mbio na tabasamu lililokosa mahali pa kukaa.

"Mama Anitha, jamani, leo pumzika. Kaa pale mkekani na watoto."

"Nipumzike nina nini? Nipishe, mchele utalowa mpaka uchachuke."

"Wali anapika mwingine. Wewe kaa tu, mwenzangu. Afya kwanza."

Wanawake wengine wakainama kwenye vitunguu vyao. Hakuna aliyemtetea, hata wale waliompokelea wageni wake na kumlelea Anitha alipokuwa mchanga. Mama Anitha alisimama na mwiko mkononi, kisha akaenda kukaa mkekani. Alipomnywesha maji mtoto mmoja aliyekuwa analia, bibi wa mtoto yule akamnyang'anya kikombe na kumwaga maji chini.

Anitha aliona yote. Alimfuata Yunis, msichana waliyekaa naye dawati moja.

"Wana nini na mama yangu?"

Yunis akatazama chini. "Mama yako ana ngoma, ana virusi. Mama Magreth kaona dawa zake kwa macho yake."

"Mwongo!"

"Sasa zile dawa za nini?"

Anitha alitaka kusema, akakumbuka siri ya baba. Angesema mama anajikinga, Yunis angeuliza anajikinga na nani. Machozi ya hasira yakamtoka. Aliondoka harusini bila kula.

Nyumbani alimvaa mama yake. "Kwa nini hukuwajibu? Una mdomo, mama! Ungewaambia huna!"

"Nikisema mimi sina, wataniuliza aliye navyo virusi ni nani," mama alijibu kwa sauti ndogo. "Siri ile ni ya baba yako. Siwezi kujisafisha kwa kumpaka yeye."

"Basi acha hizo dawa! Huumwi, unameza za nini?"

"Anitha, nimechoka. Niache."

Anitha hakumwacha. Kesho yake, mama alipokwenda shambani na baba akiwa amelala baada ya zamu, alichukua kopo jeupe, akalipeleka chooni na kulitumbukiza shimoni. Alilisikia likitua huko chini. Aliona ameweza. Kopo likiisha, maneno nayo yataisha, na mama atarudishiwa sufuria lake. Ndivyo hasira zinavyofikiri, na hasira hazijawahi kufikiri vizuri.

Mama alilitafuta kopo juu ya kabati, chini ya kitanda na kwenye mikoba. Anitha alimsaidia kutafuta, uso mkavu kabisa. Mama alipaswa kwenda kituo cha afya kuomba jingine, lakini benchi la pale linatazama barabarani, na kila apitaye huona nani amekaa. Kabla ya harusi asingejali. Sasa alijali. Akajiambia atakwenda kesho, na kesho yake akajiambia hivyo hivyo.

Karibu wiki nzima ilipita. Siku ya mapumziko ya baba, wote watatu walikaa kunywa uji. Mama alimaliza bakuli lake, akainuka kwenda kuosha vyombo.

"Mama Anitha," baba aliita. "Mbona hujameza dawa?"

"Kopo limepotea."

"Tangu lini?"

Mama alipotaja siku ile, baba aliweka bakuli chini kwa kishindo, uji ukaruka. Anitha hakuwahi kumwona hivyo. Baba yake ni mtu anayesubiri hata trekta likigoma.

"Siku zote hizo! Na unaninyamazia! Daktari wa Mikumi aliniambia nini? Ndiyo kwanza nimeanza dawa, virusi vyangu bado ni vingi. Vikishafubazwa hata kipimo kisivione, na vikabaki hivyo, sitaweza kukuambukiza. Lakini bado! Mpaka hapo, kinachosimama kati yako na ugonjwa wangu ni kidonge hicho! Unataka nikuambukize mimi? Nikuambukize kwa mikono yangu, nimlee huyu mtoto huku najua nimekufanya nini?"

Mama akaanza kulia. Sasa ndipo alipoelewa. Kile alichokitumbukiza shimoni hakikuwa aibu ya mama. Kilikuwa ukuta wake.

"Baba," alisema, "kopo nililitupa mimi. Chooni."

Mama alimgeukia taratibu, machozi yamekatika.

"Ulinisaidia kutafuta," alisema. "Ulipanda hata juu ya kiti ukatafuta na mimi."

"Mama Magreth aliliona kopo, wakakunyang'anya sufuria lako harusini. Nilitaka waache kukusema, mama. Naomba unisamehe."

"Vaa viatu," mama alisema. "Twende wote kituoni. Ukasikie kwa masikio yako majibu yangu yatakavyotoka."

Walikwenda kwa miguu, baba mbele. Kituoni nesi Mwanasha alimwita mama ndani kwanza, kisha baba na Anitha. Anitha akasema, "Shikamoo," na nesi akaitikia, "Marahaba," bila kutabasamu, maana mama alishamwambia kilichotokea.

"Umeacha kumeza karibu wiki nzima," nesi alimwambia mama. "Dawa hii si ya kumeza ukikumbuka. Inakukinga ikiwa imejaa mwilini, na inajaa ukiimeza kila siku. Kwanza nikupime. Nikikukuta umeambukizwa, sikupi hii, nakuanzishia matibabu."

Wakatoka kusubiri majibu. Na kwenye benchi lile linalotazama barabarani, nani amekaa? Mama Magreth na binti yake, bibi harusi wa juzijuzi. Mama Anitha alipoketi, Mama Magreth alisogea pembeni na kuvuta pindo la khanga yake lisimguse.

Baba aliona. Akasimama mbele ya benchi.

"Mama Magreth, kwako sikuja harusini kwa sababu ya zamu. Acha nikwambie leo. Mwenye virusi ni mimi. Mimi Mathias, mume. Mke wangu hana, na dawa uliyoiona juu ya kabati ni ya kumkinga asipate. Umemwondoa kwenye sufuria mtu anayelinda afya yake. Kama una la kusema, lisemee kwangu, jina langu unalijua."

Watu wote benchini waligeuka. Mama Magreth akasema, "Mimi sikujua, shemeji."

"Hukuuliza," baba alijibu, akakaa.

Nesi akamwita mama. Anitha alibaki amekodolea macho mlango mpaka yakamuuma. Mama alipotoka, alikuwa ameshika kopo jipya.

"Sina," alisema. "Nimenusurika safari hii. Nirudi tena baadaye wanipime upya, maana virusi vikiingia karibuni kipimo hakivioni mara moja. Mpaka nesi atakaponiambia, tutumie na kinga nyingine pia."

Baba aliinamisha uso viganjani. Anitha alitaka kumkumbatia mama yake, akaogopa.

Walipokuwa wanaondoka, Mama Magreth aliwafuata hadi kwenye geti. Akamshika mama mkono na kunong'ona, "Mama Anitha, samahani. Hiyo dawa, wanampa yeyote? Mkwe wangu ni dereva wa malori, wiki tatu yuko njiani. Magreth ana wasiwasi, na mimi nina wasiwasi."

Mama aliutoa mkono wake. "Mimi nilisemwa kwa sauti, Mama Magreth. Na wewe uliza kwa sauti."

Mama Magreth alitazama benchi, akatazama barabara. Kisha akageuka, akarudi hadi mlangoni kwa nesi, na watu wote wakamsikia: "Nesi, dawa ile ya kujikinga na virusi, binti yangu anaweza kuipata?"

"Anaweza," nesi alijibu kwa sauti ile ile. "Aingie tumpime kwanza. Na aje na mumewe wapimwe wote, itakuwa vizuri zaidi."

Njiani kurudi, Anitha alisubiri mama aseme kitu. Alisema walipofika karibu na nyumbani, akiwa amesimama katikati ya njia.

"Kukasirika hukukosea. Hata mimi nimekasirika, na bado nimekasirika. Walichonifanyia kilikuwa kibaya. Lakini fikiri, Anitha. Uliyemkasirikia alikuwa Mama Magreth, ukaniadhibu mimi. Yeye alisema maneno, na maneno hayajamtia mtu virusi. Wewe ulinitupia kinga yangu. Na mimi nilikosea, niliogopa benchi kuliko nilivyoogopa ugonjwa. Dawa ya mtu haitupwi wala haiachwi kwa sababu ya midomo ya watu. Watu wakisema, waache waseme, wewe meza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Sema tena, nisikie."

"Watu wakisema, waache waseme, wewe meza."

Mama alitembea hatua chache, kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Anitha akakimbia kuushika.