Hodi Tatu Mlangoni kwa Bi Mwanakhamis

Bi Mwanakhamis wa mtaa wa Kibokoni alikuwa mshonaji wa kofia za vito, zile za kudarizi kwa mkono. Kazi hiyo yataka macho, na macho yake yalikuwa mazima. Lakini siku ile hakushona. Tangu adhuhuri alikuwa jikoni akipika mahamri, sambusa na kaimati. Baada ya swala ya alasiri angepata wageni, na wageni wenyewe si wa kawaida. Mama yake Fahmi na shangazi zake walikuwa wanakuja kumposea kijana wao Mahira, binti wa pekee wa Bi Mwanakhamis.

Mahira alikwenda kwa khalati yake, dada wa mama yake. Si adabu msichana kuwapo nyumbani siku anapoposwa. Mama akabaki peke yake ghorofani. Akafukiza udi, akaketi kungoja.

Alasiri ikapita. Magharibi ikaingia. Kaimati zikapoa, shira ikaganda. Hakuja mtu.

Mahira aliporudi, alimkuta mama yake ameshika tama.

"Wamekuja, mama?"

"Wasemani?"

"Nauliza, wamekuja?"

"Hawakuja. Tumewakosea nini watu wale?"

Mahira alilia sana. Mama yake akamfuta machozi. Na si wageni hao tu. Siku hizi hakumwelewa mtu yeyote. Shoga zake, waliozoea kupanda kunywa kahawa, walikuwa wameadimika. Wengine wakipishana naye njiani, humtazama kwa jicho baya. Watoto wa mtaa nao hawasemi, wananong'ona. Hata Mahira akimwita, mara huwa amekwisha kukasirika. Dunia nzima ilikuwa imemnunia, naye hajui kosa lake. Iliuma.

Asubuhi yake aliteremka kutupa taka. Mlangoni alikutana na Janet, mpangaji wa chumba cha chini. Janet alikuwa mtu wa bara, muuguzi katika kliniki ya masikio upande wa Buxton.

"Sabalkheri, Bi Mwanakhamis. Jana mbona hukuwapokea wageni?"

"Wageni gani?"

"Wale akina mama watatu. Nilikuwa nafua hapa. Walipiga hodi mara tatu. Juu tulikusikia ukikohoa na kugonga vyombo. Niliwaambia wapande, wakakataa. Walisema mwenye nyumba akinyamaza baada ya hodi tatu, hakutaki. Nami nikadhani una sababu zako."

Ni kweli, hiyo ndiyo adabu ya Mji wa Kale. Hodi tatu, usipojibiwa unarudi. Bi Mwanakhamis akaketi barazani.

"Haiwezekani, Janet! Nilikuwa macho. Adhana naisikia. Tuktuk naisikia. Hodi nisiisikie?"

Janet alizunguka nyuma yake, akamwita kwa sauti ya kawaida. Bi Mwanakhamis aliendelea kutazama njia. Janet akarudi mbele.

"Nimekuita mara mbili, Bi Mwanakhamis."

Bi Mwanakhamis akashika sikio lake.

"Sikio halizimiki ghafla kama taa," Janet akaeleza. "Mara nyingi huanza kupoteza sauti nyembamba, kama za wanawake na watoto. Sauti nzito hubaki. Ndiyo maana tuktuk unaisikia, na muadhini mwenye kipaza sauti unamsikia. Nami ukinitazama, unanisoma midomo bila kujua."

"Basi nitatia mafuta ya moto na kitunguu thomu."

"Usitie kitu! Mafuta ya moto yanaunguza. Kijiti cha pamba nacho kinasukuma nta ya sikio ndani. Twende ukapimwe. Labda ni nta tu, labda ni umri."

"Na wakisema nyumba hii ina kiziwi, Mahira ataolewa na nani?"

"Kwani sasa ataolewa na nani, na wageni wamekwenda zao?"

Hapo Bi Mwanakhamis akainuka kujitayarisha. Mficha uchi hazai.

Walikwenda kliniki. Daktari alimulika masikio yake, hakuona nta. Kisha Bi Mwanakhamis aliingizwa katika chumba kimya, akavishwa vipokea sauti, akaambiwa ainue mkono kila akisikia mlio. Alingoja weee, akadhani mashine ni mbovu. Kumbe milio ilikuwa ikipita. Alipoambiwa, alitoa machozi.

Akapata vifaa vya kusikia, vidogo, vya kukaa nyuma ya masikio. Siku za mwanzo alivichukia. Maji ya bomba yalipiga kelele. Mfuko wa plastiki ulipiga kelele.

"Nimehamia sokoni Marikiti!" alilalamika.

"Usivifungie sandukuni," Janet alimwambia. "Vivae kidogo kidogo mpaka uzoee. Havirudishi masikio ya ujana, lakini vinasaidia."

Mahira naye alifundishwa. Asimwite mama yake kutoka chumba kingine. Amjie mbele, azime televisheni, aseme taratibu bila kupiga kelele.

"Nisamehe, mama," alisema. "Nilidhani wanipuuza."

Pia waliweka kengele ya mlangoni inayowasha taa, kwa saa ambazo vifaa vimevuliwa.

Likabaki jambo moja, nalo ndilo zito. Bi Mwanakhamis alivaa buibui, akaenda mwenyewe kwa mama yake Fahmi.

"Siku ile sikuwakataa," alisema. "Sisikii vizuri. Kifaa changu hiki hapa. Ikiwa ni aibu kwenu, niambieni usoni."

Mama yake Fahmi akamshika mkono.

"Na sisi tumekaa tukijiuliza tumekukosea nini! Pika tena kaimati, bibi. Ijumaa twaja."

Ijumaa ilipofika, Mahira alikataa kwenda kwa khalati yake. Alijificha chumbani, adabu au si adabu.

Taa ya kengele ikawaka. Kisha, kutoka chini, ikapanda sauti nyembamba.

"Hodi!"

Bi Mwanakhamis alisimama juu ya ngazi. Hakujibu.

"Hodi!"

Mahira alichomoka mbio, akamgusa bega, akamjia mbele. "Mama! Wako mlangoni! Husikii?"

Mama yake alikuwa akitabasamu, na machozi yanamtoka.

"Nasikia, mwanangu. Niwache nisikie."

"Hodi!"

"Karibuni!" aliita Bi Mwanakhamis, akateremka kuwapokea.