Kioo Chenye Jina la Ezéchiel

"Mignonne, ndoa hakuna tena. Usiniulize. Tafuta muntu mwingine."

Ujumbe huo ulikuwa na siku tisa kwenye simu ya Mignonne, na mchumba wake Ezéchiel, mchimbaji wa madini wa mtaa wa Kasulo, hakupokea tena simu zake.

Mignonne alifanya kazi kwenye maabara ya kliniki moja ya mtaa wa Manika. Alipiga picha vioo vyenye vipande vya nyama ya wagonjwa, akazituma kwa daktari Laurentine, Lubumbashi, azisome kwenye kompyuta.

Asubuhi hiyo alichukua kioo, akasoma jina: Ezéchiel Kalumba. Uvimbe wa shingo.

Akalisoma tena. Kumbe ndiyo sababu!

Akakiingiza kwenye mashine. Akili bandia ikaanza kuchora duara nyekundu, moja, mbili, tele. Pembeni ikaandika: huenda ni kansa.

Akaituma picha, akampigia Laurentine.

— Docteur, pardon. Huyu muntu alikuwa anioe. Masini inaweka nyekundu fasi yote!

— Tulia, mama. Masini inatuonyesha fasi ya kuangalia. Kusema ugonjwa, ile njo kazi yangu. Mi naona kama TB. Tia kioo ingine rangi ya kutafuta bijidudu, unitumie.

Akafanya hivyo. Mchana hakula kitu. Saa tisa simu ikaita.

— Bijidudu biko, Mignonne! Ni TB ya matezi. Kansa hakuna. Muganga wake amuite leo.

Ezéchiel, aliyekuwa amekonda sana, alipotoka kwa daktari wake, alimkuta Mignonne kwenye korido.

— Weye! Ulijua?

— Mi njo nilipiga picha ya kioo yako. Juu ya nini ulinifukuza?

— Baliniambia inaweza kuwa kansa. Baba alikufa na kansa, mama akabaki mujane angali kijana. Nikasema, hapana, Mignonne asipite mule.

— Na uliamua weye peke yako? Mi sina kinywa?

— Nisamehe, chérie.

— Dawa ni miezi sita. Ukiruka hata siku moja, namwambia mama yako.

Ezéchiel akacheka, kisha akalia palepale, mbele ya wagonjwa wote. Mignonne akamshika mkono.

— Na ndoa? akauliza Ezéchiel kwa sauti ndogo.

— Unenepe kwanza.

Miezi minane baadaye, dawa zikiwa zimekwisha, walifunga ndoa. Koti la bwana harusi lilimbana tumboni, na Laurentine, aliyetoka Lubumbashi kwa gari, alipiga vigelegele kuliko shangazi wote.