Mfuniko Uliokataa Kukauka

Nashoni aliufuta mfuniko wa injini kwa kitambaa, akageuka kuchukua msasa, na alipourudia akaukuta umelowa tena. Akatazama bati la juu. Halivuji, na mvua yenyewe ilikuwa haijaanza. Akanusa vidole. Vilinuka tope la mto.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kung'arisha vyuma vya injini kwenye kibaraza cha nyumba yake pale Nkende: anakwangua rangi ya zamani, anapitisha msasa, anasugua hadi chuma kinamwonyesha meno yake. Mfuniko huu uliletwa na rafiki yake Kisyeri, dereva, aliyenunua injini ya gari lililotumbukia mto Mara, njia ya Mugumu.

"Mama Esta, umemwaga maji hapa?"

"Niko na mtoto tangu mchana," Winfrida alijibu kutoka ndani. Alikuwa mkekani, akinyonyesha.

Nashoni akaendelea kusugua. Chuma kilipoanza kung'aa, akaona ndani yake mlango uliokuwa nyuma ya mgongo wake, na mlangoni mwanamke amesimama. Akadhani ni mkewe. Akasugua zaidi. Nguo za yule mwanamke zilikuwa zimemganda mwilini, nywele zinachuruzika maji.

Akageuka. Mlangoni hapakuwa na mtu.

"Baba Esta," Winfrida aliita kwa sauti ya chini, "nani huyo anauliza?"

"Anauliza nini?"

"Mtoto yuko wapi."

Hapo mvua ikashuka juu ya bati kwa kishindo, jioni ikawa nyeusi ghafla, na Nashoni, ambaye hakutaka kutazama tena lakini macho yalimshinda, akamwona yule mwanamke ndani ya chuma ameshavuka mlango, ameshafika mkekani, ameinama na kunyoosha mikono yote miwili. Akatupa msasa, akakimbilia ndani, akamkuta Winfrida amemkumbatia Esta kwa nguvu, na nguo za mtoto zimelowa chapachapa, midomo ya baridi, halii, macho yanafuata kitu nyuma ya bega la mama yake.

Akampigia Kisyeri simu, akaweka spika.

"Kwenye lile gari alikufa nani?"

"Mwanamke mmoja."

"Alikuwa na mtoto?"

"Alikuwa naye."

"Sasa yuko hapa kwangu, anamtafuta. Mtoto yuko wapi?"

Kisyeri akazima kwanza injini ya gari lake.

"Mwambieni alitolewa mzima. Yuko kwa bibi yake, Mugumu."

Winfrida alikuwa amesikia. Akainuka na mtoto wake kifuani, akatoka kibarazani, akachuchumaa mbele ya mfuniko.

"Dada," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea na mgonjwa, "mwanao alitolewa mzima. Yuko Mugumu, kwa bibi yake. Nenda kwake. Huyu ni wangu."

Nyayo za maji zikajichora kwenye saruji, moja baada ya nyingine, kuelekea barabarani. Harufu ya tope ikapungua. Esta akalia kwa nguvu, akatafuta ziwa la mama yake.

Asubuhi Kisyeri alifika. Mfuniko ulikuwa mkavu, unang'aa, lakini hakuugusa.

"Ahsante, mura, ndugu yangu," Nashoni alimwambia. "Bila wewe kujua habari za yule mtoto, sijui tungefanyaje."

Kisyeri akatazama chini.

"Sikujua. Mtoto hakuonekana. Walimtafuta mtoni mpaka wakakata tamaa. Nilisema tu vile ili aondoke kwako."

Nashoni akageuza shingo kutazama ndani. Winfrida alikuwa akimwimbia Esta taratibu, akiwa ameupa mlango mgongo.

"Aliondoka jana jioni," Nashoni alinong'ona.

"Basi atakuwa ameshafika," alisema Kisyeri. "Atakuwa ameshajua."

Ndani, Winfrida akaacha kuimba.